Nilivyofuta Maua Yako kwa Neno "Marehemu"

Somo yangu Bi Mwanaidi,

Picha zako mia mbili na kumi na nne zimepotea. Zimepotea siku ya tatu baada ya kukuzika, kati ya adhuhuri na alasiri, wenzako wakiwa bado wanakunja mikeka ya hitima yako. Aliyezipoteza ni mimi, kwa kidole changu hiki. Naanza na hilo usije ukalisikia kwa mtu mwingine, maana huko uliko wanakuja watu wa Tanga kila wiki na midomo yao hawaiachi nyuma.

Sasa tulia nikueleze. Mwenye hatia si mimi peke yangu, na huyo mwingine ninaye mkononi.

Siku ile watu walipoanza kupungua nilikaa chumbani kwako Chumbageni, juu ya kile kiti chako cha kuchorea, na kompyuta mapajani. Nilitaka kukufanyia jambo moja la adabu. Unajua kwenye mfumo wa kikundi chetu cha wapambaji kila ua ulilochora lina rekodi yake: jina la ua, ni hina au piko jeusi, ni la mkono au mguu, jina la mchoraji, na picha. Pale kwa mchoraji paliandikwa Bi Mwanaidi, kavu, kana kwamba mtu akipiga simu utapokea. Kwetu mtu akishazikwa jina lake haliachwi uchi, linavishwa neno. Basi nikaanza kukuvisha. Nafungua rekodi, nabonyeza Rekebisha, naandika "Marehemu" mbele ya jina lako, nabonyeza Hifadhi. Nafungua nyingine.

Chini ya kila fomu kulikuwa na kisanduku cha kupakia picha, na pembeni yake fundi ameandika mwenyewe: "Picha, si lazima." Mimi ni mtu wa kusoma nilichoandikiwa. Si lazima ni si lazima. Picha mpya sikuwa nayo, ya nini? Ya zamani ipo. Nikaacha kisanduku wazi.

Nikafanya hivyo mara mia mbili na kumi na nne. Sekunde ishirini na tano kwa rekodi moja, karibu saa moja na nusu. Ukishahifadhi, mfumo unakurudisha kwenye orodha ya majina matupu, haikuonyeshi picha, kwa hiyo sikuona kitu. Nilikuwa nalia na kuandika. Neno lile lile, Somo. Marehemu. Marehemu. Marehemu. Mpaka likawa halina maana.

Nilipomaliza nikafungua ukurasa wako wa mbele, nikuone ulivyopendeza. Visanduku vya kijivu. Nikashuka chini, vya kijivu. Chini zaidi, vya kijivu mpaka mwisho, na juu ya kila kimoja nimekuandikia marehemu kwa heshima kubwa.

Kila picha niliiua kwa adabu.

Utasema, si ziko kwenye simu? Haziko, na unajua kwa nini. Ulikuwa na kanuni yako. Ukishapiga picha mikono ya mwali na ikapanda kwenye tovuti, unaifuta kwenye simu palepale, yeye anaona. "Mkono wa mke wa mtu haukai kwenye simu ya mtu." Nilikuambia mara ngapi tuweke nakala mahali? Ukanijibu, "Kule kwenye tovuti mkono hauna mwenyewe. Kwenye simu una jina, una siku, na una umbea." Kwa kanuni hiyo wanawake wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakituma gari likungoje Horohoro, wakati kwao wachoraji wamejaa. Kwa hiyo siilaumu kanuni. Nasema tu kwamba mikono yako ilikuwa inakaa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe tuliachiwa na Fundi Twaha.

Twaha. Mwanaume mzima wa miaka arobaini, mtengeneza mifumo, mwenye sauti ya kutoa mawaidha. Nilimpigia simu siku ile ile, nalia. Akaniuliza kitu kimoja: "Ulipakia picha tena?" Nikasema sikupakia, umeandika si lazima. Akasema, "Sasa dada Saumu, ukihifadhi bila picha, mfumo utajuaje unataka picha? Umefuta mwenyewe." Halafu akanipa pole ya msiba.

Nikaamini. Wiki tatu nilitembea Nguvumali nimeinamisha kichwa kama mwizi wa sadaka. Dukani kwangu watu walinitolea pole, nami najisemea, mnampa pole aliyemzika mara ya pili.

Kilichonizindua ni wewe. Nilikuwa nafagia chini ya lile benchi la wateja nikakumbuka ulivyokuwa unakaa pale. Nikaacha ufagio.

Unakumbuka mwaka jana ulipobadilisha laini ya simu? Uliingia kwenye mfumo mwenyewe, miwani imeshuka puani, ukabadilisha namba kwenye rekodi sita. Picha sita zikaondoka. Ukaja kikaoni ukasema mbele ya wote, "Hiki kidude chenu kinakula picha zangu." Twaha alikuwepo. Akacheka kwa upole, ule upole wake wa kumpapasa mtu kichwani. "Bi Mkubwa, vidole vyenyewe vimejaa piko, simu itavisomaje? Umebonyeza kufuta wewe, basi tu hukujua." Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bi Mwanaidi ameichora na simu!" Na mimi nilicheka, Somo. Sauti haikutoka lakini meno yalionekana. Nawe ukavua miwani ukaifuta kwa pembe ya leso, ukasema, "Basi nisameheni wanangu. Labda ni uzee."

Mimi ndiye katibu. Niliandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu: "Bi Mwanaidi aliomba radhi kwa kufuta picha." Twaha akashauri uondolewe ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, kwa usalama wa data. Tulikuwa wanachama kumi na mmoja. Mikono kumi na mmoja iliinuka, na wako ukiwemo. Uliinua kwa heshima ya kikao.

Tangu siku hiyo ukawa unakuja dukani kwangu kupandishiwa picha. Mwanamke aliyewafunda nusu ya wake wa Chumbageni anakaa kwenye benchi kungoja zamu, nyuma ya mtu anayetoa nakala ya kitambulisho. Hukulalamika. Ulikuwa unaniletea kashata kwenye kitambaa, ati usinisumbue bure.

Hapo ndipo nilipoacha ufagio. Sita zako na mia mbili na kumi na nne zangu. Mimi vidole vyangu havina piko. Mimi si mzee. Mbona tumekosea kosa moja?

Ulinipokea natoka Muheza na darasa la saba langu, ukanipa unga wa hina niuchekeche. Mwaka mzima mkono wangu ulikataa kutoa ua hata moja. Ukaniambia, "Kuchora hujui, mwanangu, usijidanganye. Lakini kuhesabu unajua. Kahesabu." Nilikasirika miezi miwili, halafu nikaenda kuhesabu, na duka lile lote limetoka kwenye neno hilo. Basi nilirudi kwenye hesabu.

Mfumo mzima una rekodi mia tisa na tatu. Zisizo na picha ni mia tatu sabini na moja. Zako mia mbili na ishirini, za wenzako mia moja hamsini na moja, nao kumbe kila mmoja alikuwa ananyamaza akidhani amebonyeza vibaya, anaogopa kuchekwa kama ulivyochekwa wewe. Nikaziangalia moja moja, tarehe ya kuundwa na tarehe ya kurekebishwa. Zote mia tatu sabini na moja zilikuwa zimerekebishwa. Zenye picha zimebaki mia tano thelathini na mbili. Kati ya hizo mia nne tisini na saba hazijawahi kuguswa tangu ziundwe, na thelathini na tano zimeguswa lakini mwenyewe alipakia picha upya. Hakuna hata moja iliyorekebishwa bila picha mpya ikasalimika. Hata moja. Uzee gani huo, Somo, unaowapata watu kumi na mmoja kwa mpangilio?

Nikatengeneza rekodi ya uongo, nikaiita Birika, nikaipakia picha ya birika langu la chai. Nikarekebisha jina tu liwe Birika Jeusi, kisanduku cha picha nikakiacha wazi. Birika likatoweka. Nikarudia mara kumi. Mabirika kumi, yote yakaenda na maji yake.

Halafu nikaingia ndani. Seva tunakodi wenyewe na neno la siri liko kwenye daftari la mwenyekiti. Maandishi ya ndani ya mfumo, yale mafundi wanayoyaita msimbo, sikuwahi kuyaona maishani. Nilijisomea siku tisa, kati ya mteja na mteja, neno nisilolijua naliandika kiganjani. Siku ya tisa nikapapata pale penyewe. Ni mistari sita.

Kinachofanyika ni hiki. Ukibonyeza Hifadhi, kitu cha kwanza mfumo unakwenda kwenye folda na kuifuta picha ya zamani. Halafu ndiyo unageuka kutazama kama kuna mpya. Haipo? Basi unaandika "hakuna" palepale palipokuwa jina la picha yako, unakushukuru kwa kuhifadhi. Ni sawa na mtu anayekuvua nguo barazani kwanza, ndipo aulize kama umekuja na ya kubadilisha.

Wewe hukuwahi kunawisha mkono wa mwali kabla hujaona piko jipya limekorogwa likakolea. Kumbe na mafundi wa mifumo kanuni yao ndiyo hiyo hiyo. Unauliza kwanza: imekuja picha mpya? Haikuja, basi ya zamani usiiguse, badilisha maneno tu, uondoke. Imekuja, itazame kama kweli ni picha, ihifadhi mpaka uhakikishe imefika, andika jina lake kwenye rekodi, na mwisho kabisa ndipo uifute ya zamani. Na kama mwenyewe anataka picha iondoke, mpe mahali pake pa kuweka alama aseme "iondoe" kwa kinywa chake. Usimfasirie kunyamaza kwake. Swali moja tu lilihitajika, Somo. Twaha hakuliuliza.

Hilo ningelimezea. Mtu hukosea. Lakini juu ya mistari ile sita amejiandikia maneno yake mwenyewe, ya kujikumbusha, kama unavyoandika kwenye kikaratasi ukakibandika kabatini: "Kurekebisha baadaye: picha ikiachwa wazi, ya zamani inafutika."

Nikatazama tarehe ya faili. Siku mbili baada ya kikao.

Alikwenda nyumbani akajaribu. Akaona ulichosema ni kweli. Akaandika. Na hakurekebisha, hakukupigia simu, hakuniambia mimi. Alikuacha ukae kwenye benchi langu na kashata zako miezi kumi na moja mpaka ukafa. Siku uliyokufa yeye alikuwa bado anajua na wewe ulikuwa bado unaomba radhi.

Hapo nilipika chai ya birika lile, nikanywa yote, nikatulia. Sijalia tena tangu siku hiyo. Kilio kilikauka, kikabaki kitu kingine kinachofanya kazi vizuri zaidi.

Niliyoyafanya ni haya. Ile mistari sita nimeirekebisha mwenyewe, mchana kweupe. Birika nimelibadilisha jina mara ishirini na bado lipo. Tangu Alhamisi iliyopita hakuna mwanachama aliyepoteza picha. Nakala ya mistari ya zamani, pamoja na maneno yake, tarehe yake na hesabu zangu zote, nimeichapa karatasi nne, nikatoa seti kumi na tatu. Kikao ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Kumi ni za wanachama. Tatu ni za wenye kumbi za harusi ambao Twaha anataka kuwapa mfumo huu huu. Nimewaalika kwa barua, wote wamesema watakuja. Nitamwomba aje mbele, nimpe ule mfumo wa zamani kama alivyouacha, nimwambie, "Fundi, badilisha jina la birika. Vidole vyako visafi." Nataka wamwone uso.

Halafu nataka aseme kwa mdomo wake, mbele ya wale waliocheka: Bi Mwanaidi hakubonyeza vibaya. Na mimi niandike. Nifute mstari wangu kwenye muhtasari, niweke huo.

Ndivyo ilivyokuwa hesabu yangu mpaka juzi Jumatatu.

Juzi Jumatatu Twaha alikuja dukani. Habari zilimfikia, wenye kumbi hawana siri. Alikaa kwenye benchi, pale pale pako, nikamwangalia nikataka kumwambia inuka. Akasubiri mteja aondoke. Akasema, "Dada Saumu, mimi na wewe ni watu wa kazi. Tusiumizane." Nikamwambia aseme alichojia. Akasema anayo nakala. Alipohamisha mfumo kwenda seva mpya, mwezi mmoja kabla hujafariki, alichukua nakala ya kila kitu, ipo kwake kwenye diski. Zile sita za mwanzo hazimo, zilikwisha kwenda. Lakini mia mbili na kumi na nne zimo zote. Akafungua simu akanionyesha moja.

Ilikuwa ile ya mkono wa kushoto, ua la piko linalozunguka kifundo halafu linakatika ghafla, uliloliita Njoo Kesho. Nilishika kaunta.

Anataka karatasi. Ameiandika tayari, mistari mitatu, kwamba picha zilipotea "kwa makosa ya mtumiaji," kikundi hakina dai wala lawama, na Jumamosi haya hayatazungumzwa. Nikitia sahihi kama katibu, ananipa diski. Nisipotia, anasema diski hupotea, diski huanguka, mambo ya Mungu. Alisema hivyo huku anatabasamu. Anataka jibu Ijumaa jioni. Alipoondoka akaniambia, "Fikiria vizuri, marehemu angependa nini." Amekuita marehemu! Yeye!

Basi ndiyo sababu ya barua hii.

Sikufichi ninachokitaka mimi. Nataka nimvunje. Nataka watoto wa watu waliocheka wasimulie. Nataka apite barabara ya kumi na mbili watu wamwulize habari za birika. Nikifumba macho naiona Jumamosi yote, na napata usingizi mtamu kuliko wa tangu ulipoondoka. Lakini picha si zangu. Maua yale hakuna aliyeyarithi. Mkono wangu unaujua, na wenzako kila mmoja ana yake. Mikono yako ilipoanza kutetemeka ndipo ulipokubali mambo ya picha, ukasema, "Basi yakae, atakuja mwenye mkono ayaone." Nikimvunja Twaha, huyo mwenye mkono akija atakuta visanduku vya kijivu. Nikichukua diski, atakuta maua yote, na juu yake karatasi yenye sahihi yangu inayosema mwenye maua alikuwa mzee asiyejua kubonyeza. Mtumiaji ni wewe, Somo. Hakuna mtumiaji mwingine kwenye karatasi ile ila wewe na mimi.

Nimehesabu kila upande. Mara hii hesabu haitoi jibu.

Kwako hali ni hii: chumba chako kimefagiliwa, udi umechomwa, ile mbuzi ya nazi uliyoazima kwa jirani nimerudisha. Yasini nakusomea kila Alhamisi na kesho nitakusomea mapema. Mungu alipanue kaburi lako, akupe kauli thabiti, na ule mkono auondolee mtetemo. Nakuahidi kwamba vyovyote itakavyokuwa, mstari wangu ule kwenye muhtasari nitaufuta mimi mwenyewe, hata kama ni kwa kujivua ukatibu. Hilo halimo kwenye karatasi ya Twaha na hatalipata.

Lakini hili lingine ni lako kuamua. Njoo usingizini, usije na mafumbo, usiniletee sijui ndege mweupe sijui maji. Neno moja. Na nakukumbusha umekaa na wanawali wangapi nyuma ya pazia, mjumbe wa kadhi akiuliza, mwali akiinamisha kichwa kimya, nawe ukawa wa kwanza kupaza sauti kuwaambia wanaume barazani kwamba amekubali. Mimi nimekwisha kukuambia ninachokitaka. Ukinyamaza, nitapaza sauti hiyo hiyo, na Jumamosi saa nne nitakuwa na seti zangu kumi na tatu.

Kwa hiyo nijibu, Somo, kabla ya adhana ya alasiri ya Ijumaa: picha zako, au jina lako?

Mwanao,
Saumu